Mbuzi wa Madoa Matano: Uchambuzi wa Kisa cha Mchoraji wa Vitabu vya Watoto

Kuhusu kisa hiki

Mimi ndiye niliyekuwa mhariri wa kitabu kinachozungumziwa hapa, na baadhi ya makosa yatakayosomwa ni yangu. Mchoraji ameridhia kisa chake kiandikwe kwa sharti kwamba asitambulike. Kwa hiyo jina lake halimo, kampuni haimo, wala jina la kitabu halimo. Hata kama ni mwanamume au mwanamke sitasema, na hapo Kiswahili kimenirahisishia kazi. Kazini sote tulimwita Fundi, nami nitaendelea hivyo hivyo.

Nawaandikia wachoraji wanaoanza, na wahariri zaidi. Swali linaloendesha kisa hiki ni moja: mchoraji mwenye mtindo wake akiambiwa abadilike, abadilike kwa ajili ya nani?

Alikotoka Fundi

Fundi alizaliwa kusini mwa Tanzania, akaja Dar es Salaam baada ya darasa la saba kukaa kwa mjomba wake. Mjomba alifahamiana na mchoraji mmoja wa Tingatinga upande wa Msasani, na kama ilivyo desturi, kijana asiye na kazi akapelekwa "akasaidiesaidie".

Msomaji asiyeufahamu mtindo huo ajue machache. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Oysterbay, jirani na maduka ya Morogoro Stores. Alichora kwenye silingibodi, yaani mbao za dari, kwa rangi za mafuta za kopo, zile zile za kupakia baiskeli, kwa kuwa ndizo zilizopatikana na ndizo alizozimudu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hadi ikawa riziki ya watu wengi mjini. Mtindo wenyewe ni rahisi kuutambua: rangi moja tambarare nyuma, mnyama mkubwa aliyeijaza picha, hakuna kivuli wala umbali, na mwili umepambwa kwa madoa na mistari.

Fundi aliingia kazini kwa mlango wa wanagenzi wote. Mwanzoni hakuchora chochote, alipaka rangi ya chini tu. Kisha akapewa madoa. Anasema alitia madoa kwenye chui na kanga za watu wengine kwa muda mrefu hadi akawa anayaota. Ndipo siku moja akaachiwa mnyama mzima.

Malezi haya yalimpa mkono usiotetemeka na jicho linalojua umbo la tembo litasomeka hata likiwa mita 10 mbali. Yalimnyima jambo moja. Picha ya kumuuzia mtalii inamaliza habari yake ndani ya fremu, na mnunuzi hamuulizi mchoraji huyo tembo alitoka wapi na kesho atakwenda wapi. Picha ya kitabu ina deni kwa picha inayofuata. Wapo waliolivuka pengo hilo: John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ameonyesha kwamba wanyama wa mtindo huu wanaweza kuvaa nguo, kusimama wima na kubeba hadithi nzima, na vitabu vyake vimesomwa Ulaya. Ila Fundi alikuwa hajakutana na kazi hizo, na mimi niliyepaswa kumwonyesha sikumwonyesha.

Mbao kumi na mbili

Mswada uliletwa na mwalimu mstaafu. Ilikuwa hadithi ya mbuzi jike katika kijiji chenye ukame, aliyesikia kwamba nchi ya mbali mvua inanyesha, akaamua kuifuata. Anapita kijiji baada ya kijiji akiuliza njia, anachoka, anageuza, na mvua inakuja kumkuta nyumbani kwao. Kitabu kilipangwa kiwe na kurasa 24, kwa watoto wa darasa la pili.

Wakati ule soko letu la vitabu vya hadithi liliegemea sana wanunuzi wa jumla. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ulikuwa umewazoesha wachapishaji utaratibu wa kuhakikishiwa kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Utaratibu huo uliokoa vitabu vingi. Ulituzoesha pia kuufikiria mswada kuwa maneno, na picha kuwa kitu cha kuongezea maneno yakishakamilika.

Nikampa Fundi mswada, nikamwambia, "Chora utakavyoona mwenyewe." Nilidhani ninampa heshima. Ukweli ni kwamba sikumpa vipimo, sikumpa mgawanyo wa kurasa, wala sikumwambia maneno yatakaa wapi.

Baada ya wiki tano akashuka kwenye bajaji na mbao kumi na mbili, kila moja futi mbili kwa mbili. Ofisi nzima ilisimama. Kulikuwa na mbuzi mwekundu kwenye anga la machungwa, mbuzi chini ya mbuyu, mbuzi akizungumza na kobe, rangi zinawaka kama kanga mpya. Mhasibu, ambaye si mtu wa kusifia, aliomba moja ya kutundika nyumbani kwake.

Tabu ilianza tulipotaka kuzifanya kitabu. Mbao zilikuwa za mraba na ukurasa wetu ulikuwa wa kusimama, hivyo kila picha ilibidi ikatwe ubavu, na mara mbili kilichokatwa kilikuwa mkia wa mbuzi. Hapakuwa na nafasi ya maneno, kwa hiyo mpangaji kurasa akayaweka ndani ya visanduku vyeupe juu ya picha, kama stika za bei. Ubao haukuingia kwenye skana. Tukapanda juu ya paa kupiga picha kwa kamera, na ile rangi ya mafuta ikang'aa juani. Mpaka leo, ukitazama toleo la kwanza utaona mng'ao mweupe juu ya kichwa cha kobe.

Halafu rangi. Kiwanda cha uchapaji huchapa kwa wino wa rangi nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Kila rangi nyingine hupatikana kwa vitone vya hizo nne vilivyopangwa karibu karibu, na zipo rangi ambazo vitone hivyo havizifikii. Machungwa inayowaka na buluu kali ya kopo ni miongoni mwa hizo. Machungwa ya Fundi ilitoka kiwandani kama chai ya maziwa iliyolala.

Hayo yote bado yalikuwa makosa ya ufundi. Kosa la usimulizi tuliligundua baadaye sana: mbuzi hakuwa mmoja. Katika picha ya kwanza alikuwa na madoa matatu, katika ya nne saba, katika ya tisa sikuweza kuyahesabu. Katika picha saba alitazama kulia na katika tano alitazama kushoto, kwa sababu kila ubao ulipangwa upendeze wenyewe. Mimi ndiye niliyepitisha kurasa hizo. Nilihakiki herufi na nukta zote, na mbuzi sikumhakiki.

Fundi alilipwa kwa mkupuo, akasaini karatasi moja ya kupokea fedha iliyoandikwa "haki zote". Mbao zikabaki ofisini "kwa usalama". Miaka miwili baadaye nilipozihesabu zilikuwa tano.

Oda ya vitabu sita

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kampuni ilipata oda ya vitabu vyepesi sita. Mnunuzi alitaka picha "za kisasa". Maana yake ilikuwa wahusika wenye macho makubwa, mashavu ya duara na mng'ao puani, kama katuni za televisheni. Meneja akamwuliza Fundi kama ataweza. Fundi alikuwa na watoto wawili shuleni. Akasema ataweza.

Akanunua kishikwambi cha mtumba kwa mkopo wa kikundi, akajifunza kwa video, akatoa vitabu vitatu ndani ya miezi minne. Ni juhudi ya kustaajabisha na sitaki kuidharau. Lakini nilipozitazama kurasa zile sikuona mkono wa mtu. Mtoto mwenye macho makubwa, mbwa mwenye macho makubwa, jua lenye macho makubwa. Fundi mwenyewe alisema jambo ambalo niliandika siku ile ile: "Dada, hapa sichori. Hapa najaza fomu."

Vitabu vitatu vilivyobaki hakupewa. Kampuni ilimpata kijana mwingine aliyechora vivyo hivyo kwa bei ya chini, na hapakuwa na hoja ya kumtetea Fundi, kwa sababu picha zake na za kijana zilikuwa haziachani. Alikuwa ameuacha mtindo ambao watu wachache waliumudu, akaingia kwenye ule ambao kila mwenye kishikwambi anaumudu. Akarudi Msasani kuchora twiga wa watalii, na deni la kishikwambi likamfuata huko.

Wapo watakaosema kosa lilikuwa kutumia kishikwambi. Silikubali hilo. Kalamu ya umeme ni kalamu kama nyingine, na nimeona Tingatinga nzuri iliyochorwa juu ya kioo. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza mtindo ule mpya unamfanyia mtoto kazi gani. Mnunuzi aliuchagua kwa sababu ulifanana na alichokiona kwingine, kampuni ikakubali kwa sababu mnunuzi kataka, na Fundi akakubali kwa sababu ya karo.

Watoto watano, kitabu kimoja

Nakala za kitabu cha mbuzi zilipokwisha, kampuni ilitaka kukirudia kama kilivyo. Nikaomba wiki mbili. Nilikwenda katika shule moja ya msingi ya serikali jijini nikiwa na toleo la kwanza na vile vitabu vitatu vya macho makubwa, nikamwomba Fundi tuongozane. Alikuja kwa shingo upande.

Darasani tulikuta kitabu kimoja kinatumiwa na watoto watano. Hilo nililijua kama takwimu, ila sikuwahi kulitazama. Mmoja anakishika. Wawili wapo ubavuni wanachungulia kwa pembe. Wawili wamekaa ng'ambo ya dawati, na hao wanakiona kitabu juu chini. Kwa hiyo, katika kila watoto watano, mmoja tu ndiye aliyeiona picha kama sisi tulivyoiona ofisini.

Vitabu vya macho makubwa vilimfaa yule mmoja. Vijimaua, vivuli laini, tabasamu dogo la mhusika: kwa wengine vyote hivyo vilikuwa ukungu. Picha za mbuzi, pamoja na rangi yake ya chai iliyolala, zilisomeka kila upande. Mtoto wa ng'ambo ya dawati alitaja "mbuyu!" picha ikiwa imepinduka. Umbo kubwa, rangi moja nyuma, hakuna kivuli: mambo ambayo mnunuzi aliyaita ya kizamani ndiyo yaliyowafikia watoto wanne waliokaa vibaya.

Fundi aliyekuwa amenuna mlangoni akasogea.

Ndipo lilipokuja la pili. Mwalimu wa darasa alifunua kutoka picha ya tatu kwenda ya nne, na msichana mmoja akapinga. "Huyu si yule. Yule ana madoa matatu." Mwenzake akamuunga mkono: mbuzi wapo wawili, mmoja anakwenda na mmoja anarudi, ndiyo maana huyu katazama huku. Darasa likagawanyika. Waliosema mbuzi wawili walikuwa na ushahidi zaidi, na ukweli ni kwamba ukifuata picha peke yake, wao ndio waliokuwa sahihi.

Njiani Fundi hakusema kitu hadi tulipofika kituo cha daladala. Kisha akasema, "Wananihesabia madoa." Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba kumbe siku zote alikuwa anasikilizwa.

Toleo la pili: tulichoamua na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuubakisha mtindo. Nilipomweleza meneja habari ya watoto wa ng'ambo ya dawati hakubishana, maana hiyo ni hoja ya mauzo pia: kitabu kinachosomwa na watano kwa mara moja kinamfaa mnunuzi wa shule.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuanza na kitabu cha mfano kabla ya kugusa rangi. Karatasi sita za kawaida, zikunjwe katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine, zinatoa kurasa 24. Fundi alichora kwa kalamu ya risasi, mbuzi akiwa umbo tupu. Ndani ya jioni moja tuligundua kwamba swali la mbuzi kwa kobe na jibu la kobe vilikuwa kwenye kurasa zinazotazamana, kwa hiyo mtoto alishaona jibu kabla ya kulingojea. Swali likahamia ukurasa wa kulia, jibu likaenda nyuma yake. Sasa mtoto lazima afunue ili ajue. Ni jambo dogo lililogharimu kifutio.

Tatu, mwelekeo. Kiswahili tunakisoma kutoka kushoto kwenda kulia, na jicho la mtoto aliyekwisha kuanza kusoma hufuata njia hiyo hiyo. Mbuzi akitazama kulia, anakwenda. Akitazama kushoto, anarudi. Tukakubaliana atazame kulia kitabu kizima hadi ukurasa wa 19, pale anapokata tamaa. Hapo anageuka, na hakuna sentensi inayosema amegeuka. Fundi alikataa kwanza, kwa sababu alipenda mnyama anayejipinda kumtazama mtazamaji, na hakika ni pozi zuri. Tulimwachia pozi hilo kwa kobe, ambaye haendi popote.

Nne, madoa. Hapa mimi nilitaka tu idadi moja. Tukachagua matano: mawili begani, mawili ubavuni, moja juu ya jicho, na Fundi akachora karatasi ya mbuzi kutoka pande zote akaibandika ukutani. Lakini lililofuata ni lake mwenyewe, na ndilo lililokifanya kitabu kuwa kitabu. Alisema kama mbuzi ana matano tu, basi yale madoa mengine yote, ya ardhini, mitini na angani, ambayo mkono wake umezoea kuyatia ili picha isiwe tupu, nayo lazima yawe na sababu. Akayaondoa yote. Kurasa za mwanzo zikabaki kavu: rangi tambarare, ardhi, mbuzi. Kuanzia kijiji cha pili akaanza kurudisha doa moja moja pembeni kabisa mwa anga, nyuma ya mbuzi, asikoweza kuona. Ukurasa baada ya ukurasa yanaongezeka. Ni mvua. Mtoto anaijua kabla ya mbuzi, na darasa linaanza kumpigia kelele ageuke.

Yale madoa aliyofundishwa kuwa ni pambo la kumalizia picha yalikuwa sasa yanasimulia hadithi. Sijaona mwaka huo badiliko la mtindo lililokuwa la mchoraji mwenyewe zaidi ya lile.

Mengine yalikuwa ya kiufundi, nayataja kwa haraka. Aliacha silingibodi na rangi ya kopo akatumia karatasi nzito ya A3 na rangi ya akriliki isiyong'aa, iingie kwenye skana kwa nukta 300 kwa inchi. Rangi ya nyuma ilipitiliza mstari wa kukatia kwa milimita 3 ili kisu kisiache ukingo mweupe. Theluthi ya juu ya kila ukurasa iliachwa iwe ya maneno. Na kwa rangi, Fundi alikwenda kiwandani akaomba karatasi za majaribio zilizotupwa, akakata vipande, akachanganya akriliki yake kuvifuata. Machungwa yake ya kuwaka ilikufa rasmi. Mahali pake iliingia manjano ya udongo mkavu, ambayo kwa hadithi ya ukame inafaa zaidi, ingawa yeye mpaka leo ananung'unika.

Mwalimu mstaafu na karatasi ya haki zote

Tulipompelekea mwandishi kitabu cha mfano kulikuwa na mvutano. Pendekezo letu lilikuwa Fundi apate mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa, na jina lake litoke kwenye jalada badala ya ukurasa wa ndani kwa herufi za chungu. Mzee hakupenda. "Mwanangu, hadithi ni yangu. Yeye amechora tu."

Sikubishana naye. Nilimwomba asome mswada wake kwa sauti huku mjukuu wake anafunua kurasa. Alipofika kwenye "mawingu yalianza kukusanyika nyuma yake bila yeye kujua", mjukuu alikuwa ameshaonyesha kwa kidole. Mzee akasoma sentensi iliyofuata, nayo ikawa imekwisha kusemwa na picha. Akaomba kalamu. Siku ile alifuta karibu theluthi ya maneno yake mwenyewe, na ninakiri kwamba mimi nisingethubutu. Juu ya jalada akakubali majina mawili kwa herufi sawa. Juu ya mrabaha hakukubali kupunguziwa hata senti, na sioni kwamba alikosea: mkataba wake ulikuwa wa awali na hakuna aliyemwomba ushauri wakati wa kuuandika. Mwishowe kampuni ilitoa asilimia ndogo kutoka fungu lake, baada ya Fundi kukubali malipo ya awali yapungue.

Mkataba mpya wa Fundi ulikuwa kurasa mbili. Ulisema kampuni inapewa ruhusa ya kuchapa kwa Kiswahili, idadi fulani ya nakala, na kwamba lugha nyingine yoyote au bidhaa nyingine yoyote itazungumzwa upya. Ulisema michoro yenyewe ni mali ya mchoraji na irudishwe ndani ya siku 30 baada ya kuskaniwa. Kumiliki karatasi na kumiliki hakimiliki ni mambo mawili, na katika toleo la kwanza Fundi alipoteza yote mawili kwa saini moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za kiuchumi za mtunzi na pia haki zake za kimaadili, ikiwamo ya kutajwa jina. Sheria ilikuwapo tangu tulipoanza. Ofisini hatukuwahi kuifungua.

Matokeo, na ninavyoyapima

Toleo la pili lilichapwa na likaenda shuleni. Tulirudi katika darasa lile lile. Hakuna aliyesema mbuzi wawili. Ukurasa wa 19 kulikuwa na kimya, kisha makelele. Baadaye mchapishaji wa nje aliomba kukitoa kwa lugha yake, na kwa kuwa mkataba ulisema lugha nyingine izungumzwe upya, Fundi alilipwa kwa picha ambazo alikuwa ameshazichora. Alilimaliza deni la kishikwambi kwa fedha hizo. Kishikwambi chenyewe anakitumia sasa kupanga kurasa kabla ya kushika brashi.

Lakini vitabu vitatu vya macho makubwa vimerudiwa kuchapwa na hapati kitu, maana vilikuwa chini ya karatasi ya zamani. Mbao saba hazijarudi na hazitarudi. Tulimwomba meneja amlipe fidia, akatoa barua ya kuomba radhi. Hilo nalihesabu kuwa kushindwa, tena kwangu, kwa sababu nilipita mbele ya mbao hizo ofisini kila siku.

Nikitafuta kilichofanya kazi, siwezi kuanza na mkataba, ingawa wengi hupenda nianze hapo. Mkataba ulikuja kuwa na maana kwa sababu kulikuwa na kitu ambacho mtu mwingine asingeweza kukitoa kwa bei ya chini. Na kitu hicho hakikutokana na Fundi kushikilia mtindo wake kama urithi usioguswa. Alibadilisha vifaa, rangi, umbo la picha, mwelekeo wa mnyama na maana ya doa. Ukiorodhesha, alibadilika zaidi mara ya pili kuliko mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza badiliko liliagizwa na mtu ambaye hatakisoma kitabu, na mara ya pili liliagizwa na msichana aliyehesabu madoa.

Kwa upande wa uhariri, najilaumu kwa ile kauli ya "chora utakavyoona mwenyewe". Mchoraji aliyelelewa kwenye picha moja moja anahitaji kuketi na mtu anayejua kurasa, kama vile mwandishi anavyohitaji kuketi na mhariri. Uhuru niliompa ulikuwa uvivu wangu uliovaa nguo za heshima. Tungefanya kitabu cha mfano mwanzoni, gharama ingekuwa karatasi sita na jioni moja, na huenda hapangekuwa na mbao za kupotea, kwa kuwa zile kumi na mbili asingezichora kabisa.

Jambo moja bado linanisumbua. Kumpeleka mchoraji darasani kulisaidia mara hii, ila nimewaona wachapishaji wakilitumia darasa kama kura: watoto wamependa hiki, basi chora hiki. Watoto wale hawakutuambia tuchore nini. Walituonyesha walichokielewa, na kazi ya kutafuta jibu ikabaki ya Fundi. Wazo la mvua ya madoa lisingetoka kwenye kura yoyote.

Ukuta wa chekechea

Mwaka jana rafiki alinitumia picha ya ukuta wa chekechea moja pembezoni mwa jiji. Mchoraji mmoja wa mabango amemchora mbuzi wetu pale, mkubwa kama mlango, bila ruhusa ya mtu. Nilimpelekea Fundi nikidhani atakasirika, na nilikuwa tayari kumsaidia kuandika barua. Alisema kwanza akaone.

Tulikwenda Jumamosi, geti limefungwa, tukachungulia kwenye matundu ya ukuta. Rangi zilikuwa za kopo, na anga lilikuwa la machungwa inayowaka. Fundi alisimama pale muda mrefu, kidole kikitembea hewani. Mawili begani, mawili ubavuni, moja juu ya jicho.

"Yametimia," akasema, akaenda kutafuta bajaji.